Uboho wa Mwalimu wa Kwaya

Daktari Endel Lepik hakupenda mtu yeyote aguse hadubini yake, polisi ndiyo kabisa. Lakini asubuhi ile alivuta kiti mwenyewe, akamwashiria Inspekta Leida Kukk akae.

"Usiegemee meza," alisema. "Ukiegemea, picha inacheza."

Leida akainama kwenye lenzi. Aliona zambarau tupu. Madoa yalikuwa yamebanana hata hapakuwa na pa kupenyeza sindano.

"Huo ni uboho wa Heldur Rebane siku alipogundulika," Lepik alisema. "Tuliutoa kwenye mfupa wa nyonga. Saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Kwa mtu wa umri wake, karibu nusu ya nafasi hiyo ingepaswa kuwa mafuta. Unayaona?"

"Sioni hata tone."

"Kwa sababu hakuna."

Heldur Rebane alikuwa mwalimu wa kwaya ya wanaume ya Pajulinna, mtu ambaye nusu ya mji ilikuwa imewahi kuimba mbele ya mikono yake. Alizikwa barafu ikiwa bado imeukaza mto. Wiki ya matanga haijaisha, binti yake Kaire alifika kituoni amekumbatia chupa ya kioo aliyoikuta ghalani chini ya nyumba, nyuma ya matango ya siki. Ndani yake hakukuwa na matango. Kulikuwa na vidonge vya baba yake, vile vya kumtibu saratani, vimejaa hadi shingoni. Ukiacha za Kaire mwenyewe, alama za vidole kwenye chupa zilikuwa za mtu mmoja tu: Virve, mke wa pili wa marehemu.

Juzi Leida alimweka Virve kwenye chumba cha mahojiano tangu kifungua kinywa hadi mchana. Alimwambia usoni, "Wewe umemuua mumeo, tena taratibu." Virve alitazama mikono yake akajibu, "Andika unavyotaka." Hakusema tena. Leida alikuwa amekuja maabara kutafuta kitu kimoja tu: uthibitisho wa kumpelekea mwendesha mashtaka.

Lepik alibadilisha kioo. "Huu ni wa kiangazi kilichofuata. Alikuwa ameshakunywa dawa kwa muda wa kutosha."

Safari hii Leida aliona miduara myeupe, mikubwa, imetawanyika kama madirisha ya nyumba yenye watu. Zambarau ilikuwa imepungua, na kila doa lilikuwa na nafasi yake.

"Hayo meupe ndiyo mafuta yaliyorudi," Lepik alisema, sauti yake ikichangamka. "Dawa hii haimwagi sumu mwili mzima kama zile za zamani. Inalenga kitasa kimoja tu ndani ya seli yenye ugonjwa, inakiziba, na seli inakufa. Nyuzinyuzi zilizokuwa zimeusokota uboho zimelegea. Zile seli kubwa zinazozaa vigandisha damu zimerudi kwenye umbo lake. Sasa tazama pembeni, kuna kitu cha buluu."

"Nakiona. Kimevimba."

"Huyo ni mfagiaji. Amekula mizoga ya seli zilizokufa mpaka akavimbiwa. Ukimkuta huyo, ujue vita ilipiganwa humo na dawa ikashinda. Wiki hiyo nilimpigia Heldur simu mwenyewe. Aliniimbia kwenye simu, mzee yule."

Akatoa kioo, akaweka cha tatu. Leida aliinama. Zambarau ilikuwa imerudi ukuta kwa ukuta. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Huo ni wa masika yaliyopita," Lepik alisema.

"Kwa hiyo dawa iligoma."

"Ndivyo tulivyodhani sote. Hutokea. Ugonjwa hubadili umbo la kile kitasa, dawa ikakosa pa kushika. Basi tukakitafuta kitasa kilichobadilika, na hatukukipata. Kilikuwa kilekile cha mwanzo. Dawa ingekiziba bila shida, kama ingekuwepo."

Leida akainua kichwa. "Haikuwepo?"

"Uliniomba nipime damu yake iliyokuwa kwenye jokofu letu, ile ya siku hiyohiyo. Nimepima, nikarudia. Hakuna dawa. Hakuna hata harufu yake."

"Basi alikuwa anapewa vidonge bandia."

"Hapo ni kwako, Inspekta. Uboho unaniambia dawa haikufika. Hauniambii ni mkono wa nani ulioizuia." Lepik alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Unajua tulifanya nini sisi? Tulimwongezea dozi. Mtu dawa haimfikii, sisi tunamwongezea. Hatukukaa naye peke yake hata mara moja tukamuuliza kulikoni."

Leida alisimama, akavaa koti. Mlangoni aligeuka. "Mtu anayekunywa dawa hii anajulikana kwa kumtazama?"

"Wengi, ndiyo. Macho huvimba, hasa asubuhi, kama mtu aliyelia usiku kucha. Misuli hukaza. Tumbo nalo huwasumbua."

*

Kaire Rebane alifundisha hesabu sekondari. Leida alimkuta kwenye chumba cha walimu, anasahihisha mitihani huku anatafuna mkate mweusi wenye dagaa wa kopo. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyeketi wima kama aliyepigwa rula.

"Umeshamkamata?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado. Nionyeshe picha za baba yako, za miaka miwili hii ya mwisho."

Kaire alifuta vidole akafungua simu. Picha za kiangazi zilikuja kwanza: Heldur bustanini, Heldur kwenye mtumbwi, na katika kila picha macho yake yalikuwa mistari miwili iliyozama kwenye uvimbe. Kisha ikaja Pasaka. Uso ulikuwa umechongoka vizuri, macho yako wazi.

"Hapa alipendeza," Leida alisema.

"Kila mtu alisema hivyo. Kwaya nzima ilimwambia, 'Mwalimu, umerudi ujana!' Na mimi nilimwambia. Wiki iliyofuata ndipo vipimo vikaja vibaya."

"Baada ya hapo ukafanya nini?"

"Nilikuwa napita kwao kila asubuhi kabla ya kuja kazini. Nilisimama mbele yake mpaka anywe. Kidonge mdomoni, maji, nikaondoka. Kwa hiyo usiniambie alisahau, Inspekta. Baba alikunywa. Swali ni alikunywa nini. Yule mwanamke alitoa dawa kwenye kikopo, akaificha ghalani, akamwekea vidonge vya uongo. Ni hesabu ya darasa la tano."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Alikuwa anamwonea wivu. Wivu wa kwaya, wivu wangu, wivu wa kila mtu. Umesikia habari ya kanisani?"

"Sijasikia."

"Tamasha la kusubiri Krismasi, mwaka juzi. Kanisa limejaa. Wimbo wa mwisho umeisha, watoto wako tayari na maua, na yeye anapanda jukwaani na koti lake, anamkumbatia Baba kiunoni, anamkokota kwenye mlango wa nyuma. Baba hakuinama hata kushukuru watu! Nilibaki nimesimama na maua kama mpumbavu." Mashavu yake yalikuwa yamewaka. "Tangu siku hiyo Baba hakuwa yeye. Hakwenda sauna ya mvuke na wenzake, hakukaa kunywa kahawa baada ya mazoezi. Yule mwanamke alimfungia ndani."

Leida alimtazama kidogo. "Na hospitalini, nani alikuwa anakwenda naye?"

"Mimi. Virve hana leseni ya gari. Sikukosa hata safari moja."

*

Chupa ya matango ilikuwa kwenye droo ya Leida kituoni. Alitandaza karatasi nyeupe mezani, akavaa glavu, akamimina vidonge vichache. Alikuwa amevitazama mara nyingi. Mkemia alishathibitisha kwamba ni dawa halisi, na hiyo ilikuwa imemtosha.

Sasa alivigeuza kimoja kimoja chini ya taa. Kidonge kipya kilikuwa na ganda laini la kahawia, linang'aa. Hivi vilikuwa na mabaka. Upande mmoja ganda lilikuwa limeyeyuka, na kiini cheupe kimejitokeza, kikavu na chenye ufa. Baadhi vilikuwa vimeshikamana viwili viwili kama peremende iliyotemwa na mtoto.

Leida alichukua kidonge kipya kutoka kwenye pakiti ya mfano. Hakujiruhusu kufikiri mara mbili. Alikiweka chini ya ulimi, akahesabu kimoyomoyo muda wa kumuaga mtu mlangoni, akakitema kwenye kiganja.

Ganda lilikuwa limeyeyuka upande mmoja. Uchungu ulimbaki kinywani, hata kahawa haikuuondoa.

Mbele yake juu ya meza kulikuwa na hati ya kukamatwa ambayo yeye mwenyewe aliiandaa jana.

*

Virve aliishi kwenye nyumba ya mbao karibu na mto, ngazi zake zimejaa tope la theluji iliyoyeyuka. Alifungua mlango akiwa na kisu cha kumenyea viazi.

"Umekuja kunichukua? Nisubiri nizime jiko."

"Sijaja kukuchukua, Bi Virve. Naomba tukae."

Walikaa jikoni. Leida alifunua kitambaa, akaweka vidonge vitatu mezani.

"Hivi viliwahi kuwa mdomoni mwa mtu," alisema. "Mtu anayebadilisha dawa kwenye kikopo hana sababu ya kuilamba kwanza. Heldur alikuwa anaviweka chini ya ulimi. Kaire akishafunga mlango, anavitema."

Virve aliendelea kumenya kiazi. Ganda refu liliteremka hadi likakatika.

"Kwenye kisahani cha kahawa," alisema mwishowe. "Alikuwa anavitemea kwenye kisahani, halafu hanitazami. Mimi navikausha juu ya jiko kwa kitambaa. Nilikuwa nasema, iko siku atageuka aniambie, Virve, nipe. Sikuweza kuvitupa. Ningewezaje kuvitupa?"

"Juzi nilikuita muuaji. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza kwa nini alivitema."

"Nakuuliza sasa."

Virve aliinuka akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu isipokuwa kunguru. Aliporudi hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti amekishika mgongo.

"Ile dawa ilimkorofisha tumbo. Si maumivu. Lilikuwa linamtoka bila taarifa. Nyumbani tulizoea, nafua, tunacheka hata. Kisha ikaja siku ya kanisani. Nilikuwa safu ya mbele. Wimbo wa mwisho, ule wa taratibu. Nikaona mkono wake wa kushoto umesimama hewani. Wa kulia ukaendelea. Nikajua. Inspekta, alimaliza wimbo. Alikuwa hivyo hivyo, amesimama mbele ya watu wote wale, na akamaliza wimbo mpaka sauti ya mwisho. Nikapanda na koti langu."

Leida hakuandika kitu.

"Watu kanisani hawakujua. Suruali ilikuwa nyeusi. Lakini waimbaji wenye sauti nzito walikuwa safu ya kwanza ya kwaya, hatua mbili kutoka kwake. Walijua, na hawakusema neno. Watu wema. Mazoezi yaliyofuata alikuta wamemwekea kiti karibu na mlango, kimya kimya, ili asihangaike kupita katikati ya watu. Alirudi nyumbani akaniambia, 'Virve, wameniwekea kiti.' Alilia kwa ajili ya kile kiti. Kesho yake hakunywa dawa."

"Akaacha moja kwa moja?"

"Kwanza siku za mazoezi tu. Halafu siku za kutoka. Halafu uso wake ukarudi, watu wakaanza kumsifu amependeza. Ungekuwa wewe, ungeirudia?"

"Hukumwambia daktari?"

Virve aliachia kiti, akaketi.

"Aliniapisha. Lakini usiandike kwamba ni kiapo. Ningeweza kukivunja. Nilikuwa naona aibu, mimi. Nilijiuliza nitaanzaje, nitatumia neno gani, nani atakuwa ananisikiliza. Niliiogopa aibu yake kuliko nilivyokiogopa kifo chake. Hilo ni langu. Usimbebeshe yeye."

Maji ya viazi yalianza kuchemka na kumwagika jikoni, na hakuna aliyesimama.

"Kaire asijue," Virve alisema. "Mwache anichukie mimi, nimezoea. Ana baba mmoja tu wa kumkumbuka, na anamkumbuka akiwa jukwaani."

"Siwezi kuandika uongo, Bi Virve."

"Basi andika kidogo."

Leida alikusanya vidonge. Alitaka kusema jambo kuhusu juzi, kuhusu lile neno alilomtupia kwenye chumba kisicho na dirisha mwanamke aliyefiwa. Alifungua mdomo. "Juzi nilikuita..."

"Nilikusikia," Virve alisema, akaenda kuzima jiko.

*

Kaire alikuwa anamsubiri kwenye maegesho ya shule, ameegemea gari lake. Wanafunzi walikuwa wameshatawanyika. Leida alimwambia kwa maneno machache: hakuna kesi. Vidonge vya kwenye kikopo vilikuwa halisi. Baba yake alikuwa anavitema.

"Niliona akimeza kwa macho yangu."

"Uliona akiweka mdomoni."

Kaire alitikisa kichwa, akaendelea kukitikisa. "Kwa nini? Alikuwa anataka kuishi. Alikuwa anapanga kupeleka kwaya kwenye sikukuu kubwa ya nyimbo kule Tallinn. Mtu anayetaka kufa hapangi safari."

"Hakutaka kufa. Dawa ilikuwa inamtesa tumbo, kwa namna isiyosemeka mbele za watu."

Leida aliishia hapo. Kaire alimtazama, na Leida akaona ile akili ya hesabu ikipanga mambo, moja baada ya jingine, bila kumhurumia mwenyewe. Kaire alitoa simu. Alipekua picha kurudi nyuma, nyuma, mpaka kwenye picha ya kanisani aliyoipiga akiwa na maua mkononi: mgongo wa baba yake unaelekea mlango wa nyuma, na koti la kike la kijivu limefungwa kiunoni mwake, mikono ya koti imekazwa fundo.

"Lile koti," alisema.

Leida aliitazama picha.

"Zaidi ya mwaka ninaonyesha watu picha hii. Nawaambia, tazameni alivyomkokota." Kaire aliifunika simu kifuani kana kwamba kuna mtu mwingine anaangalia. "Ulimuuliza daktari? Alikuambia alikuwa anamuuliza Baba? Kila mara alimuuliza. 'Mzee Heldur, unakunywa vyote?' Na kabla Baba hajafungua mdomo, najibu mimi. 'Anakunywa vyote, daktari, nasimamia mwenyewe.' Nilikuwa najivunia, Inspekta. Baba alikuwa ananitazama halafu anatabasamu. Nilidhani anaona fahari."

Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Si angeniambia tu nitoke nje? Neno moja, Kaire, toka kidogo. Ningetoka!"

"Ungemuuliza kwa nini."

"Ningemuuliza," Kaire alikiri, kisha akaongeza: "Nilimwita Virve mwizi kwenye mazishi. Mbele ya jeneza. Unajua hilo?"

"Najua. Mimi nilimwita muuaji."

Walisimama pale, wanawake wawili, bila mmoja kumtazama mwenzake. Theluji chafu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye paa la shule.

"Twende," Kaire alisema. "Siwezi kwenda peke yangu."

"Hata mimi."

Virve alifungua mlango kabla hawajabisha. Alimwona Kaire, akarudi nyuma nusu hatua. Macho yake yalimwendea Leida moja kwa moja.

"Sikusema," Leida alisema. "Aliliona koti mwenyewe."

Mkono wa Virve uliushika ukingo wa mlango. Ilionekana kama ataufunga. Kaire alikuwa anajaribu kuzungumza, mdomo unafunguka na kujifunga. Mwalimu aliyenyamazisha madarasa kwa kuinua nyusi alikuwa hana hata silabi.

"Vueni viatu," Virve alisema. "Nimetoka kupiga deki."

Kaire aliinama palepale kizingitini kufungua kamba za buti zake. Aliinama muda mrefu, kichwa chini, vidole vimeshika kamba bila kuivuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Leida alinyoosha mkono amshike, lakini Virve alimzuia.

"Wewe ingia, kahawa iko tayari," alimwambia kwa sauti ya chini. "Yeye mwache. Atakuja akimaliza."

Leida alipita akiwa na soksi zilizolowa, akaketi pale pale alipoketi mchana. Virve aliweka vikombe vitatu. Mlango wa mbele ulibaki wazi, baridi inaingia mpaka jikoni, na hakuna aliyekwenda kuufunga.